Kabla hujalipia, uliza boti inafungwa wapi

Swali: Mimi na mke wangu tumeweka akiba kwa miaka miwili ili twende safari ya boti ya siku saba kuona miamba ya matumbawe. Tungependa safari inayoisaidia bahari, si ya kuiumiza. Tatizo ni kwamba kila kampuni tuliyoiandikia inajiita rafiki wa mazingira, na moja inatuahidi kuwa tutapanda matumbawe kwa mikono yetu wenyewe. Tutajuaje nani anasema kweli? Rafiki yetu mmoja anasema kama kweli tunaipenda bahari, tubaki nyumbani. Halafu kuna hili: mke wangu haogelei vizuri na anaona haya kuwaambia watu wa boti.

Jibu: Ndugu yangu, maneno ya kwenye tangazo yaache kwanza. "Rafiki wa mazingira" ni jina lisilo na mwenyewe. Yeyote anaweza kulibandika ubavuni mwa chombo na hakuna atakayemuuliza. Mimi boti naipima kwa mambo ambayo hakuna anayeyapiga picha: ikisimama inafungwa kwenye nini, na choo chake kinamwagwa wapi.

Nimefanya kazi ya kupima hali ya matumbawe kwa miaka mingi, na mara nyingi nimepanda boti za watalii kwa sababu ndizo zinazofika huko. Moja ilikuwa imechorwa kasa mzuri sana kwenye omo, na kitabu cha wageni kilijaa sifa za uhifadhi. Jioni tulitia nanga. Usiku nikasikia mlio wa kusaga ukipanda kupitia mbao za kitanda, kama mtu anayeburuta sufuria kwenye sakafu ya saruji. Asubuhi nilizama nikaufuata mnyororo hadi chini. Nanga yenyewe ilikuwa imelala mchangani, na nahodha alikuwa amenihakikishia hivyo, hakusema uongo. Lakini usiku upepo uligeuka, boti ikazunguka, na mnyororo ukazunguka nayo ukifagia kila kilichokuwa njiani. Matumbawe ya matawi yalikuwa yamelala chini vipande vipande, ncha zake nyeupe kama mfupa uliovunjika sasa hivi. Pembeni lilikuwapo tumbawe moja la mviringo, lile tunaloliita Porites, lililonifika kifuani. Upande mmoja lilikuwa limechunwa ngozi. Tumbawe la aina hiyo hukua kama sentimita moja hivi kwa mwaka, kwa hiyo lile lilikuwa limeshapita miaka mia pale lilipo. Mnyororo ulilimaliza upande huo kwa usiku mmoja, abiria wote wakiwa wamelala.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa kampuni yoyote ni hili: katika kila kituo mtakachosimama, mnafunga kwenye boya gani? Maboya ya kudumu si jambo jipya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, John Halas, mtaalamu wa bahari wa Key Largo huko Florida, alianza kutoboa mwamba wenyewe, kusimika chuma kisichoshika kutu kwa saruji ndani ya tundu, na kukifunga kamba inayokwenda juu hadi kwenye boya. Boti inashika kamba, hakuna kinachogusa matumbawe. Njia hiyo imeenea sehemu nyingi za dunia. Bonaire, kisiwa cha Karibi ambacho bahari yake yote ya pwani ni hifadhi tangu 1979, kutia nanga juu ya matumbawe ni marufuku na boti hufungwa kwenye maboya.

Usiridhike wakikujibu "ndiyo, tunatumia maboya". Uliza la pili: mkikuta boya limeshikwa na chombo kingine, mnafanya nini? Hapo ndipo utasikia ukweli. Nahodha mwenye adabu atakuambia anasubiri, au anaenda kituo kingine, au anawashusha wapiga mbizi wafuate mkondo huku boti ikiwafuata kwa mbali bila kutia nanga. Akianza kuzunguka na kusema "tunatafuta mahali penye mchanga", sikatai, mchanga upo, lakini muulize na urefu wa mnyororo. Kumbuka pia kwamba boya lina kikomo cha uzito linaoweza kuushika. Boya lililosimikwa kwa boti ya mita kumi halihimili chombo chenye vyumba ishirini. Siku ya dhoruba linang'oka, na chombo kinapanda mwamba.

Kuhusu ukubwa, huwa nawaelekeza watu kwenye vyombo vidogo, na sababu yangu ya kwanza ni kina cha maji. Mwezi Machi 2017, huko Raja Ampat nchini Indonesia, meli ya kitalii Caledonian Sky yenye urefu wa mita 90 ilikwama juu ya matumbawe karibu na kisiwa cha Kri baada ya kuwapeleka abiria kutazama ndege. Maji yalikuwa yanakupwa, wakapwelewa. Kisha ikavutwa itoke, na tathmini ya mwanzo ilikadiria kwamba mita za mraba 13,500 hivi za mwamba ziliharibiwa. Mabaharia wa kale wanaojua saa za kupwa na kujaa bila kutazama karatasi wangelia. Hata hivyo, udogo peke yake si usafi. Boti ndogo yenye injini chakavu inayokimbia kutwa nzima kutoka kisiwa hadi kisiwa inaweza kuchoma mafuta mengi kwa kila abiria kuliko ile kubwa iliyotulia. Ratiba yenye vituo vichache na siku mbili mbili kila mahali ni dalili nzuri kwa mafuta, na kwako pia, maana mwamba haujionyeshi kwa anayepita mbio.

Sasa choo. Najua ni neno la kuondoa hamu, ila vumilia. Mkataba wa kimataifa wa MARPOL unakataza meli kumwaga majitaka ghafi ndani ya maili 12 za bahari kutoka nchi kavu, lakini sehemu hiyo ya mkataba inazihusu meli zinazosafiri kimataifa zenye ukubwa wa tani 400 na zaidi, au zilizoruhusiwa kubeba watu zaidi ya 15. Boti ya wageni kumi na wawili inayozunguka ndani ya maji ya nchi moja haimo. Inabaki sheria za nchi husika, na baada ya hapo inabaki dhamiri ya nahodha. Kwenye boti nyingi kuna vali chini ya sakafu: ukiigeuza upande mmoja uchafu unaingia kwenye tangi, upande wa pili unakwenda moja kwa moja baharini. Uliza kama tangi lipo, linajaa kwa siku ngapi, na linamwagwa wapi. Safari ya siku saba yenye tangi la siku mbili ina siku tano za maelezo.

Wapo wanaoniambia bahari ni kubwa, itameza. Mwamba haumezi. Matumbawe yamezoea maji maskini wa virutubisho. Ukimwaga mbolea, na kinyesi ni mbolea, mwani mrefu unashamiri na kuyafunika. Tena si mwani tu. Huko Florida, matumbawe ya pembe ya paa yaliangamizwa kwa kiasi kikubwa na ugonjwa wa mabaka meupe, na watafiti walithibitisha kwamba bakteria mmoja anayeusababisha, Serratia marcescens, ametoka kwenye majitaka ya binadamu. Ni nadra sana mdudu kutoka tumboni mwa mtu kumwua mnyama wa baharini asiye na hata uti wa mgongo, lakini hapo ndivyo ilivyokuwa.

Mengine ya chomboni nitayapita haraka. Plastiki hairuhusiwi kutupwa baharini popote, kwa hiyo asikwambie ni sera yake nzuri, ni sheria. Anayewarushia samaki mkate ili wageni wafurahi, mkimbie. Losheni za kukinga jua zenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati zimekatazwa Palau, nchi ya visiwa vya Pasifiki, tangu Januari 2020, na Hawaii ikazuia kuuzwa kwake tangu Januari 2021. Maneno "salama kwa matumbawe" kwenye chupa hayana kipimo kinachokubalika, basi vaa fulana ya mikono mirefu ya kuogelea na umalize mjadala. Vyeti navyo vinasaidia kiasi. Green Fins, mpango ulioanzishwa mwaka 2004 na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, hutuma watu kuikagua kampuni ikiwa kazini na kuipa alama, na tangu 2019 kuna kiwango cha kimataifa cha ISO 21416 kwa watoa huduma za kupiga mbizi. Cheti kinakuambia waliwahi kutazamwa. Hakikuambii walivyo siku ambayo hakuna anayewatazama.

Kelele nitaikalia kidogo kwa sababu karibu hakuna anayeitaja. Samaki wa matumbawe husikia, na mlio wa injini huwachanganya. Katika kisiwa cha Lizard, kwenye Mwamba Mkuu wa Australia, watafiti waligundua kwamba samaki wadogo waitwao Ambon walikamatwa na adui zao zaidi ya mara mbili ya kawaida pale boti zilipokuwa zikipita. Baadaye, mwaka 2022, walichapisha jaribio jingine la kisiwani hapo: waliwaomba madereva wa boti wapunguze mwendo na wajitenge na baadhi ya miamba kwa msimu mzima. Mwisho wa msimu, kwenye miamba iliyotulizwa, asilimia 65 ya viota vya samaki aina moja bado vilikuwa na watoto. Penye kelele ya kawaida ni asilimia 40. Hakuna mtambo ulionunuliwa, ni mkono tu uliolegezwa kwenye mafuta. Kwa hiyo ukiwa bado bandarini, angalia boti ndogo ya kubebea wageni: inatambaa ikikaribia mwamba, au inakuja kwa kishindo na kusimama ghafla ili mshangilie?

Nikija kwenu nyinyi wageni, nitasema bila kuficha: baada ya nanga, hatari kubwa mwambani ni pezi la mguuni. Mtu hasikii lilipogusa. Utafiti uliofanyika St Lucia, kisiwa cha Karibi, na kuchapishwa mwaka 2004 uliwafuata wapiga mbizi chini ya maji bila wao kujua na kuhesabu kila mguso. Karibu robo tatu yao waligusa angalau mara moja ndani ya mbizi moja, na wenye kamera waligusa zaidi kuliko wasio nazo. Kilichonikaa moyoni ni kwamba maelezo mafupi yaliyotolewa juu ya boti hayakubadili kitu. Kilichopunguza migusano ni kiongozi aliyekuwa nao majini, aliyemwendea mtu na kumrekebisha papo hapo. Utafiti mwingine wa miaka ya nyuma kutoka Bahari ya Shamu ulikuta maelezo yenyewe yanasaidia sana, lakini hayo yalikuwa somo refu, na wapiga mbizi walionyeshwa lipi ni tumbawe hai na lipi ni jiwe. Uliza basi kiongozi mmoja anachukua watu wangapi majini. Wanne, sawa. Wanane, atawahesabu tu. Na uliza: mgeni akikataa kusikia, mnamfanyaje? Kampuni inayoweza kukujibu "tunampandisha botini", ipe fedha zako. Kiongozi anayetegemea bahashishi ya mgeni hawezi kumkemea mgeni huyo asipokuwa na mwajiri anayemkinga.

Sasa upandaji wa matumbawe. Sijawahi kumkataza mtu, ila fahamu unachokinunua. Vipande vinavyofungwa na wageni huwa ni vya matumbawe ya matawi, yale yanayoweza kukua sentimita kumi au zaidi kwa mwaka, kwa sababu yanakua upesi na yanapendeza pichani. Ndiyo pia yanayokufa upesi joto likija. Mwezi Julai 2023 bahari ya Florida ilichemka, na pale Sombrero Reef, mwamba uliopandwa kwa miaka mingi na watu wanaoijua kazi yao, wahifadhi walikuta matumbawe yote waliyoyapanda yamekufa. Hawakukosea mahali. Maji yenyewe ndiyo yaliyoshindikana.

Kuna mahali ambapo kupanda kuna maana. Sulawesi, kisiwa cha Indonesia ambako uvuvi wa baruti uliacha kokoto zinazobiringika na kila wimbi, tumbawe changa halipati pa kushika. Huko wameweka fremu za chuma zilizounganishwa, wakafunga vipande juu yake, na mwamba ukarudi. Fremu zilitibu kilichoharibika, nacho ni sakafu. Kwa hiyo mwulize mwenye kampuni: mwamba huu uliharibiwa na nini, na je, hicho kitu kimekoma? Na tukishaondoka, nani atarudi kuhesabu vipande vilivyopona baada ya mwaka? Akikutajia mtu wa chuo au wa hifadhi na akakuonyesha hesabu ya mwaka jana, pamoja na vilivyokufa, nenda kafunge kipande chako kwa amani. Akikuonyesha picha za wageni wakitabasamu, umelipia picha.

Mimi ningependa mfanye kazi nyingine, isiyo na mbwembwe. CoralWatch, mradi ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Queensland mwaka 2002, una kadi ya rangi yenye alama kutoka 1 hadi 6. Unaelea juu ya tumbawe, unaiweka kadi karibu nalo bila kuligusa, unatafuta sehemu yake iliyofifia kabisa na iliyokolea kabisa, unaandika alama mbili. Basi. Anayeelea na miwani na mrija anaweza, mtoto anaweza. Ukiyapima ishirini kila kituo kwa siku saba, umeacha taarifa ambayo mtafiti asingeipata bila kukodi boti.

Rangi ina maana kwa sababu tumbawe ni mnyama anayefuga. Ndani ya ngozi yake unaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaomtengenezea sehemu kubwa ya chakula kwa mwanga wa jua, nao ndio unaompa rangi. Maji yakizidi joto la kawaida la mwezi wa joto kali kwa nyuzi moja tu na kukaa hivyo kwa wiki kadhaa, anautoa mwani huo nje. Kinachobaki ni ngozi angavu juu ya kiunzi cheupe. Bado yu hai, ila ana njaa. Joto likishuka mapema anaweza kurudishiwa rangi, likichelewa, anakufa. Idara ya bahari ya Marekani, NOAA, huweka ramani za bure mtandaoni zinazojumlisha joto hilo kwa wiki: nyuzi moja ya ziada kwa wiki nne ni alama 4, hapo tarajia kupauka, ikifika 8, tarajia vifo. Tazama ramani ya mahali mnakokwenda wiki mbili kabla ya safari, kisha waandikie: ikifika 4, mtabadili nini? Thailand imewahi kufunga vituo vya kuzamia wakati matumbawe yamepauka, na ghuba yake ya Maya ikafungwa kabisa kuanzia Juni 2018 hadi Januari 2022 kwa sababu ya wingi wa watu na boti. Ilipofunguliwa, boti zikalazimishwa kushusha wageni upande wa nyuma ya kisiwa. Kampuni isiyo na jibu la swali hilo haijawahi kulifikiria.

Hapo ndipo rafiki yenu anapopata nguvu, na simdharau. Aprili 2024 ilitangazwa kwamba dunia imo katika wimbi la nne la kupauka, na kufikia 2025 takriban asilimia 84 ya eneo la miamba ya matumbawe lilikuwa limepigwa na joto la kupausha. Jopo la kimataifa la tabianchi lilisema mwaka 2018 kwamba dunia ikiongezeka joto nyuzi 1.5, asilimia 70 hadi 90 ya miamba hii itapotea. Ikifika 2, zaidi ya asilimia 99. Na sehemu kubwa ya moshi wa safari yenu haitatoka kwenye boti. Itatoka kwenye ndege. Anayekuuzia safari ya kuokoa matumbawe bila kuitaja ndege anakuficha nusu ya bei.

Lakini utalii wa matumbawe umekadiriwa kuingiza dola bilioni 36 kwa mwaka duniani, na pale ambapo sehemu yake inafika kwa walinzi wa hifadhi, mwamba unakuwa na mtu wa kuutetea dhidi ya baruti, uchimbaji wa bandari na bomba la majitaka. Bonaire huwatoza wageni ada, na ada hiyo ndiyo inayoiendesha hifadhi. Palau tangu Desemba 2017 humgongea mgeni muhuri wa kiapo kwenye pasipoti, na mgeni anakitia sahihi kabla ya kuingia. Ushauri wangu: mkienda, nendeni mara moja na mkae siku nyingi, badala ya safari tatu fupi kwa miaka mitatu. Kama ipo miamba mnayoweza kuifikia bila ndege, anzieni hapo. Na mkiona kwamba hamwezi kupata boti inayojibu maswali haya, basi rafiki yenu ameshinda kwa safari hii, akiba haiozi.

Mwisho, mkeo. Mwambie asione haya, aandike waziwazi kwenye fomu kwamba haogelei vizuri. Mtu anayeogopa maji, miwani ikiingia maji kidogo tu, hutafuta pa kusimama, na mwambani pa kusimama ni juu ya tumbawe. Nimeona wengi wakifanya hivyo, na wengine walirudi na nyayo zilizochanwa. Afanye mazoezi ya miwani na mrija kwenye bwawa mara tano au sita kabla ya safari, mpaka kupuliza maji kwenye mrija kuwe kama kupenga kamasi. Botini aombe fulana ya kuelea, asikubali kuambiwa ataizoea bila hiyo, na aingie maji yakiwa yamejaa ili kuwe na nafasi kati ya magoti yake na mwamba. Miwani ikiingia maji, asisimame: ageuke chali, fulana imbebe, aivue akitazama mbingu, aimwage, aivae tena. Afanye hivyo mara tatu karibu na ngazi ya boti kabla ya kuanza safari ya kwenda mwambani, nawe uwe pembeni yake, bila kamera.